Ngazi Isiyopitisha Stima

Fundi anayesimamisha ngazi ya aluminiamu karibu na nyaya za stima anacheza na kifo. Ngazi ya faiba ni afadhali, kwa maana nyuzi za kioo na gundi yake havipitishi umeme vikiwa vikavu na visafi. (Hiyo si ruhusa ya kushika waya!) Lakini mbona tunaambiwa tusiitoboe?

Tuangalie inavyotengenezwa. Nguzo zake mbili ndefu hutengenezwa kwa kuvutwa, ufundi ulioshika kasi Marekani miaka ya 1950. Nyuzi nyingi za kioo hutoka kwenye vibonge, zikapitishwa ndani ya beseni la gundi ya majimaji, halafu huingia pamoja na vitambaa vya nyuzi hizo hizo kwenye tundu la chuma lenye umbo linalotakiwa. Chuma hicho kina joto la zaidi ya digrii 100. Humo gundi hushikana ikawa ngumu, na haitayeyuka tena kama nta. Mashine ya tambi husukuma. Hii huvuta, bila kukoma, na msumeno hukata vipande mwishoni.

Basi nguvu iko kwenye nyuzi, nazo nyingi zimelala kwa urefu. Ukitoboa tundu la bolti, umezikata, na nguzo yaweza kupasuka hapo hapo mtu akiwa juu. Jua nalo hula gundi ya nje, nyuzi zikaanza kuchomoza na kuwasha mikono, unyevu ukaingia. Ngazi ya namna hiyo usiipake rangi ukamwuzia jirani. Na ukiikata, funika pua na mdomo: vumbi lake ni la kioo.