Pezi Lililochanika: Maji Kwanza, Dawa Baadaye

"Mwalimu, samaki wetu wanaoza mikia!" Kwa maneno hayo kijana mmoja wa hapa Niemba alitujia asubuhi moja, kabla ya kengele ya shule. Baba yake alikuwa amechimba bwawa karibu na mto, akanunua vifaranga wa ngege katika bwawa la mbali. Mavuno ya bwawa hilo yalikusudiwa kulipa ada ya shule ya watoto watatu. Lakini vifaranga walisafiri nusu siku ndani ya dumu, wamesongamana, na siku ya tatu mapezi yao yalikuwa yamechanika, ukingo wake mweupe kama pamba.

Tulipofika bwawani tulikuwa tumechelewa. Baba alijua ya kuwa majani ya utupa huua kupe na chawa wa mifugo. Akawaza: kinachoua wadudu wa mbuzi kitaua na wadudu wa samaki, na kiasi kidogo hakitadhuru. Akatwanga, akamwaga majini. Vifaranga wote walikuwa wakielea matumbo juu.

Ndugu wasomaji, baba huyo hakuwa mzembe. Alipenda samaki wake, akafanya haraka. Utupa huuzuia mwili wa samaki usiitumie hewa aliyoivuta. Ndiyo sababu wazee wetu waliutumia kuvulia mitoni. Si kila jani ni dawa. Basi, yafaa tujifunze jinsi pezi linavyopona.

Pezi ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya vijiti vyembamba, mfano wa mwavuli. Likichanika, hukua tena lenyewe, maadamu shina lake karibu na mwili halikuharibika. Ngozi mpya huanza kuonekana ukingoni kama kioo, haina rangi. Wengine huidhania ugonjwa, kumbe ni uzima unaorudi. Kazi yetu si kulifanya pezi likue, bali kuondoa yanayolizuia.

Mambo yanayolizuia ni yapi? Wavu mkavu na mikono mikavu huuondoa ute unaoilinda ngozi. Samaki wengi mahali padogo hung'atana, na madume ya ngege hupigana yakilinda viota vyao. Lakini adui mkubwa ni maji machafu. Mabaki ya chakula na mavi ya samaki hutoa amonia, nayo huunguza matamvua na ngozi. Kisha bakteria wakaao majini siku zote hupata mlango wa kuingia. Mchaniko ulio safi ni jeraha tu. Ukingo mweupe au mwekundu, unaozidi kuliwa kila siku, ni ugonjwa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji. Punguza chakula, acha kutia samadi kwa muda, ingiza maji safi kidogo kidogo, wala usiyabadili yote kwa mara moja, maana mabadiliko ya ghafula humdhoofisha mgonjwa. Mara nyingi hayo peke yake yatosha.

Dawa ya pili ni chumvi ya jikoni isiyochanganywa na kitu kingine. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi kuliko maji anamokaa. Hivyo maji humwingia na chumvi humtoka mchana na usiku, na penye jeraha hasara huzidi. Chumvi kidogo majini humpunguzia kazi hiyo, tena huua baadhi ya vimelea na ukungu. Chukua ndoo ya lita 10 za maji ya bwawa lile lile, koroga gramu 100 za chumvi, yaani vijiko vya mezani 6 hivi, hata iyeyuke yote. Watie samaki wachache kwa dakika 10, nawe usiondoke. Akilala ubavu, mtoe mara moja. Usiimwage chumvi bwawani: ndogo haitafaa kitu, na nyingi itaharibu maji na udongo.

Na majani je? Yako yanayosifiwa kwa haki. Katika nchi ya Thailand, iliyoitwa zamani Siamu, wafugaji wa betta, samaki mdogo mwenye mapezi marefu kama kanzu, hutia majani makavu ya mkungu ndani ya vyombo vyao. Mti huo wa Asia umepandwa kwa kivuli mahali pengi pa Afrika. Maji huwa ya rangi ya chai, na tanini zilizomo hupunguza nguvu ya bakteria. Lakini jani hilo husaidia tu. Halisafishi maji machafu. Tena huyafanya maji kuwa na ukali wa asidi, jambo limfaalo betta, ila halimfai samaki aliyetolewa katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH ya 9 hivi, kinyume cha asidi.

Vidonge vya watu vya kuua bakteria tusivimwage majini. Huua hata bakteria wanaosafisha bwawa, huwazoeza waliobaki kuzishinda dawa zetu, na mabaki yake yaweza kufika katika sahani ya mtoto. Ukiona vidonda mwilini, au samaki wakifa wengi kwa siku moja, mtafute mtaalamu wa mifugo au wa uvuvi.

Katika miaka ya 1950 maelfu ya mabwawa yalichimbwa nchini Kongo, na baada ya mwaka 1960 mengi yakaachwa yakaota majani. Kuchimba ni kazi ya siku chache. Kutunza ni kazi ya kila siku.

Baba yule alikausha bwawa lake, akaanza upya. Safari hii aliwabeba vifaranga alfajiri, wachache katika kila dumu, wavu na mikono vimeloweshwa kwanza. Wawili watatu walichanika mapezi. Kijana aliwaweka katika beseni, akawapa maji safi, akawatazama kila asubuhi. Siku moja akatujia tena kabla ya kengele: "Mwalimu, ukingo umekuwa kama kioo!"