'Jambo Bwana': Wimbo wa watalii unaoweza kumsaidia mwanao kuzungumza

Ni wimbo mwepesi: salamu, kujuliana hali, kumkaribisha mgeni na kumhakikishia kuwa mambo ni shwari. Hata hivyo, 'Jambo Bwana' umedumu zaidi ya miaka 40, na mtoto wa Masasi au Newala anaweza kuuimba kabla hajawahi kuiona bahari.

Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, Kenya, iliyoundwa na ndugu wa familia moja. Bendi hiyo ilikuwa ikitumbuiza katika hoteli za ufukweni, ambako watalii walipenda kujifunza maneno mawili matatu ya Kiswahili. Kalanda aliyachukua maneno hayohayo akayatungia muziki.

Wimbo ulitoka mwaka 1982. Hadi kufikia 1987 ulikuwa umeuza nakala zipatazo 200,000 na kutunukiwa platinamu nchini Kenya. Mwaka 1983 kundi la Boney M. lilitoa toleo lake, na bendi nyingi za hotelini zikaendelea kuurudia. Wimbo wa 'Hakuna Matata' wa filamu ya The Lion King ya 1994 ni mwingine kabisa. Huo ulitungwa na Elton John na Tim Rice.

Nyimbo za mzaha zina kawaida ya kudumu. Mwaka 1963 The Trashmen, vijana wa Minnesota, jimbo la Marekani lisilo na bahari, walitoa 'Surfin' Bird', wimbo wa mtindo wa vijana wa ufukweni wenye maneno machache yanayorudiwarudiwa. Hadi leo unajulikana.

Wapo wanaolalamika kuwa 'Jambo Bwana' umewafundisha wageni Kiswahili cha hotelini. Malalamiko hayo yana ukweli. Huku Kusini mtoto humwamkia mkubwa kwa 'shikamoo', na mtu akitaka kumtoa mwenzake wasiwasi husema 'hakuna shida' au 'hamna shida'. Mzazi anayemwimbia mwanawe wimbo huu amfundishe pia salamu ya nyumbani.

Lakini muundo wake ni mzuri kwa mtoto. Sentensi ni fupi, maneno yanarudiwa, na kuna swali linalofuatiwa na jibu. Bibi zetu walijua siku nyingi kuwa mtoto hujifunza kuzungumza kwa kusikia, kuitikia na kurudia. Ndiyo maana nyimbo za kubembeleza na za michezo zina kiitikio.

Jambo la msingi ni nani anaimba. Simu haisubiri mtoto ajibu, mzazi husubiri. Mwimbie ukimtazama usoni, nyamaza kidogo, mwache aitikie hata kwa sauti isiyo neno, kisha endelea. Unaweza kufanya hivyo ukimwogesha au mkiwa mnabangua korosho.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazamishwe skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Kwa anayetumia spika za masikioni, sauti iwe ya chini na apewe muda wa kupumzika.

Kuimba pamoja humsaidia mzazi kugundua tatizo mapema. Mtoto wa miezi 9 kwa kawaida humtazama anayemwita jina. Ukiona hashtuki kwa kelele, hageuki anapoitwa, au amefika mwaka mmoja na nusu bila kutamka neno lolote, mpeleke kituo cha afya akapimwe masikio. Usikubali kuambiwa tu kuwa 'ataongea akikua'. Wapo wanaochelewa na kuongea baadaye, lakini asiyesikia vizuri hupoteza muda ambao ubongo wake uko tayari zaidi kujifunza lugha.

Mtoto anayetokwa na usaha sikioni naye aonwe na mtaalamu haraka. Usimtie mafuta, maji ya majani wala kumchokonoa kwa kijiti. Maambukizi ya sikio yanayojirudia bila tiba yanaweza kumpunguzia usikivu, na mengi hutibika yakiwahiwa.

Kama kituo cha karibu hakina vifaa vya kupima usikivu, omba rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa.