Mtoto Mdogo wa Mfugo Si Lazima Abaki Mdogo

Katika mitaa ya Kayole, Dandora, Njiru na Ruai, wakazi wengi hufuga sungura, nguruwe, mbuzi na hata ng'ombe wa maziwa. Baadhi yao humpima mfugo kwa umbo lake siku anapozaliwa. Kipimo hicho peke yake kinaweza kumtia mfugaji hasara.

Kila mnyama ana muda wake wa kubeba mimba na uzito wake wa kuzaliwa. Makadirio ni haya:

• Sungura: siku 31, huzaliwa na gramu 50, hukua hadi kilo 4.
• Nguruwe: siku 114, huzaliwa na kilo 1.4, hukua hadi kilo 200.
• Mbuzi wa kienyeji: siku 150, huzaliwa na kilo 2, hukua hadi kilo 30.
• Ng'ombe wa Friesian: siku 280, huzaliwa na kilo 40, hukua hadi kilo 600.

Nguruwe huzaliwa mwepesi kuliko mbuzi, lakini akikomaa humzidi mara kadhaa. Sababu ni kwamba mama yake hubeba watoto kumi au zaidi kwa chini ya miezi minne. Sehemu kubwa ya ukuaji hubaki kwa maziwa na chakula baada ya kuzaliwa.

Hata hivyo, kati ya watoto wa uzao mmoja, aliye mdogo zaidi yumo hatarini. Nguruwe anayezaliwa chini ya kilo moja hupoteza joto haraka na husukumwa na wenzake asinyonye. Mfugaji amkaushe, ampe joto na amweke kwenye chuchu mapema, apate maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ambayo humkinga na magonjwa.

Ukubwa uliopita kiasi nao una hatari. Ndama mkubwa anaweza kukwama na kumuua mtamba anayezaa mara ya kwanza. Kabla ya kumpandisha mtamba, mfugaji aombe mbegu ya fahali ambaye ndama wake huzaliwa kwa urahisi.

Wafugaji wanashauriwa kuandika tarehe ya kupandisha, ili wajue siku ya kuzaa na kumlisha mama vizuri katika theluthi ya mwisho ya mimba, wakati mtoto anapoongeza uzito zaidi. Uchungu ukikawia, daktari wa mifugo aitwe mara moja.