Mwaka wa pili wa arshitekture: mutoto hachori tu

Mwezi jana, kisha posti ya usiku, kamarade mumoja wa chini ya ardhi alinikuta kwa biro ya sindika. Hakuleta neno la mushahara, alileta neno la binti yake.

"Delege, mutoto iko L2 arshitekture. Kila siku katoni, kole, karatasi ya kuchorea. Miye nalipa minervali juu ya kuchora? Mwaka huu namutosha."

Nikamuuliza: umekwisha kuketi naye akuonyeshe kazi yake? Akanyamaza. Siku ya Mungu tukaenda kwake sisi wawili. Binti akatupangusia meza, akasema: "Papa Delege, karibu. Papa, ketini wote." Yale tuliyoona pale nayaandika hapa, sababu najua si baba huyu peke yake anayewaza hivyo.

Mwaka wa kwanza mutoto anajifunza mukono: kupiga mustari, kusoma plani, kujua kama kwa eshele ya 1/100, santimetre 1 ya karatasi ni metre 1 ya kiwanja. Mwaka wa pili, ule tuliita zamani deuxième graduat, shida njo inaanza. Chuo na chuo wana programu yao, lakini kazi kubwa ni moja: mutoto anapewa kiwanja na watu wa kukaa mule, nyumba ya jamaa ao masomo ya vyumba vichache, na profesere anamuuliza "sababu gani?" kwa kila kibambazi.

Hata ngazi iko na hesabu. Unachukua urefu wa kipandio mara 2, unaongeza upana wa mahali pa kukanyaga, ifike karibu santimetre 63. Kipandio cha 17 na upana wa 29 vinatoa 63 kamili. Ukienda mbali na hapo, mama mwenye kubeba ndoo ya maji atajikwaa.

Kisha binti akachukua rula ya plastiki, akailaza juu ya vitabu viwili, akakandamiza katikati. Ikapinda. Akaisimamisha kwa ubavu, akakandamiza tena. Haikupinda. "Papa, ni rula ile ile." Somo hilo wanafunzi wanaliita RDM, ni hesabu ya nguvu ya vitu vya kujengea. Putre ukiirefusha mara 2, na kila metre ikibeba uzito ule ule, nguvu ya kuipinda katikati inapanda mara 4. Dali ya beto ya metre 4 kwa 4, unene santimetre 15, iko na uzito wa tani 6 hivi, mbele hata mutu hajapanda juu.

Baba akacheka. "Ee! Hiyo shiye tunaijua. Galeri ukiifungua pana kupita, jiwe la juu linashuka. Njo maana tunaacha piliye." Miaka mingi ya mini, na hakujua kama mutoto wake anasoma kazi yake.

Binti akaendelea: beto inakubali kukandamizwa, lakini haipendi kuvutwa. Kwa putre yenye kulala juu ya vibambazi viwili, chuma kikubwa kinakaa chini, kwa sababu ni upande wa chini unaovutwa. Kwa balkoni ni kinyume, chuma kinakaa juu. Masoni asiyejua hii anaweza kutia chuma kingi, na balkoni ikaanguka.

Somo lingine ni jua na joto, na hapo nilijiona mwenyewe. Lubumbashi iko karibu digri 12 kusini ya ekweta. Mwezi wa 6, saa sita mchana, jua linakuwa upande wa kaskazini. Mwezi wa 12 linapita karibu juu ya kichwa, kidogo upande wa kusini. Kwa pande hizo mbili, malata ikitoka mbele ya kibambazi inaleta kivuli. Lakini jua la saa kumi linakuja chini-chini toka magharibi, linapita chini ya malata na kuingia ndani.

Miye nilijenga dirisha la chumba cha kulala upande wa magharibi, sababu barabara iko kule. Nikitoka posti ya usiku, nalala mchana ndani ya furu. Ndugu zangu, mutu asiyelala anashuka chini ya ardhi na usingizi, na usingizi ule unaweza kuua mutu. Mustari mumoja wa plani ungeniponyesha.

Wanasoma pia udongo na namna maji ya mvula yanavyotembea kwa kiwanja. Wanasoma matofali, hata yale yetu ya udongo wa kichuguu. Wanasoma historia: namna muji huu ulipangwa toka 1910, Wazungu upande mumoja, Waafrika upande mwingine, na zone neutre katikati. Mutoto anayejua hayo anaelewa sababu gani kampi za wafanyakazi zilijengwa vile zilivyojengwa.

Kweli, inakula makuta, na inakula usiku. Wakati wa kutoa projé, mutoto anaweza kukesha; wao wanasema wako "charrette". Musifikiri ni uvivu akisinzia asubuhi. Na kumutosha sasa ni kumutosha wakati ameanza kujua sababu gani nyumba inasimama.

Sheria ya kazi inasema mwajiri atoe nyumba ao pesa ya nyumba. Wengi wetu tunapata pesa, tunajijengea, bila plani. Na siku ya kuongea nyumba na wakubwa, wanafungua plani mbele yetu, na shiye tunaitika kwa kichwa. Nataka siku moja mutoto wa mumoja wetu aketi upande wetu, aseme: "Hapana, chumba hiki hakiwezi kulaza mutu wa posti ya usiku."

Kamarade wangu hakunijibu siku ile. Jumatatu alirudi kwa biro, akauliza kama tuko na katoni za bure za maketi. Nikamupa zote.