Rangi za Majirani: Hesabu ya Upatanifu katika Mitaa ya Makadara

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyinginezo hutajwa kwa kufananishwa na vitu: kijani na majani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Utaratibu huu hutosha katika mazungumzo, lakini huzua utata majirani wanapotaka kupaka nyumba zao rangi zinazopatana. Samawati ya mmoja yamkini siyo ya mwenzake.

Utata huo una uzito Makadara. Nyumba za Kaloleni, Maringo na Jericho zilijengwa kwa ramani zinazofanana, na kila ukuta huonekana pamoja na wa jirani. Duka moja likipakwa rangi kali ya kampuni ya simu, sura ya njia nzima hubadilika ilhali majirani hawakuulizwa.

Tarakilishi husaidia kwa kugeuza rangi kuwa nambari. Mwaka wa 1976, Tume ya Kimataifa ya Mwangaza iliidhinisha mfumo unaoipa kila rangi nambari tatu: ya mng'ao, ya mhimili wa kijani na nyekundu, na ya mhimili wa buluu na manjano. Tofauti ya rangi mbili hukokotolewa kama umbali baina ya nukta mbili. Ukuta wa krimu wenye 80, 5, 20 na wa jirani wenye 76, 5, 23 vina umbali wa 5. Jicho hutambua tofauti bila kushtuka. Ukuta mwekundu wenye 50, 60, 40 uko umbali wa takriban 66 kutoka ule wa kwanza.

Wenye nyumba 10 wakipendekeza rangi 6 kila mmoja, hupatikana michanganyiko 60,466,176. Hakuna fundi awezaye kuijaribu yote kwa brashi. Tarakilishi huipima, ikitafuta ule ambao kuta jirani hazipishani kupita kiasi wala hazifanani kabisa. Rangi zisizobadilika, mathalani za duka au paa, huingizwa kwanza kama masharti.

Hata hivyo, kiwango cha "kupita kiasi" hakitoki katika mashine. Kikiwa cha chini mno, mtaa utafanana na kambi. Kikiwa cha juu mno, hesabu haitabadilisha lolote. Kwa hivyo, kazi huanzia katika kikao cha wakazi, wakiwemo wapangaji ambao aghalabu hawana idhini ya kuchagua rangi ya kuta wanazoziishi. Wao ndio wapasao kutazama vipande vya majaribio ukutani, juani na kivulini, kisha wakubaliane juu ya kiwango hicho.