Fahamu: Constantinople ilivyoanguka mwaka 1453

Kila Mei 29, Uturuki huadhimisha kutekwa kwa Istanbul, ambayo wakati huo iliitwa Constantinople, mji mkuu wa Rumi ya Mashariki. Kuta zake za upande wa bara zilikuwa zimewashinda wavamizi kwa takriban miaka 1,000. Nini kilibadilika?

Fedha, kwa kiasi kikubwa. Orban, fundi Mhungaria wa kusubu mizinga, alianza kwa kubisha hodi kwa Kaizari Constantine wa 11. Hazina ilikuwa tupu. Akaenda zake kwa Sultani Mehmed wa Pili, kijana wa miaka 21, ambaye hakubania mkono. Mzinga mkubwa ukakokotwa na makumi ya ng'ombe kutoka Edirne hadi mbele ya kuta zile zile.

Mlango wa bandari nao ulizibwa kwa mnyororo wa chuma. Mehmed akazipitisha merikebu zake nchi kavu, zikiteleza juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, zikaibukia nyuma ya mnyororo. Walinzi, ambao hata 10,000 hawakufika, ikabidi wagawanyike.

Kaizari aliuawa vitani. Kanisa la Hagia Sophia likafanywa msikiti, baadaye makumbusho, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena.