Risasi Nzito na Nguruwe wa Upare

Mahindi yanapoanza kukomaa katika vijiji vya Milima ya Pare ya Kusini, watu wengi hawalali. Moto huwashwa kandokando ya mashamba, madebe hupigwa, na vijana hukesha vibandani wakisikiliza mabua yanavyotikisika gizani. Mgeni anayengojewa ni nguruwe pori, mnyama wa kilo 60 hadi 100 hivi, atembeaye usiku kwa makundi, na ambaye kwa usiku mmoja aweza kuharibu jasho la msimu mzima. Mchana hulala katika vichaka na misitu, kama ule wa Chome ulio chini ya kilele cha Shengena chenye kimo cha mita 2,462. Usiku hushuka. Pongo, ambaye wengine humwita mbawala, naye hufuata nyuma kwa adabu kidogo zaidi, akikatakata majani ya maharage.

Katika utoto wangu milimani humo, jibu la wazee kwa mgeni huyo lilikuwa gobole. Baadaye, nikiwa mwanafunzi ng'ambo, nilipata jirani mstaafu aliyewinda kulungu wa kule, wale wenye pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka na kuota upya. Mzee yule alijitengenezea risasi zake mwenyewe jikoni, juu ya meza aliyotandika gazeti. Nilipomweleza habari za gobole alicheka, akasema: “Basi ninyi na sisi tunafanya kazi ile ile.” Alikuwa amekosea, na makala haya ni maelezo ya kosa lake.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba njano, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachokwenda kumpiga mnyama. Ganda ni ghali na halichakai mara moja. Jirani yangu aliokota maganda yaliyokwisha kutumika, akayasafisha, akayarudisha katika umbo lake kwa kuyashindilia ndani ya kalibu ya chuma, akatia fataki mpya, kisha akapima baruti. Hapo ndipo mazungumzo yalipokoma. Mizani yake ilitambua uzito mdogo kuliko wa punje ya mchele. Kila kipimo kilipimwa peke yake, na hakikuzidi kile kilichoandikwa katika kitabu kwa aina ile ya baruti, ganda lile na kichwa kile. Alipomaliza alimulika maganda yote kwa tochi kabla ya kuyafunga kwa vichwa, asije akawa amemimina mara mbili katika ganda moja.

Uangalifu huo wote ni kwa sababu ya kanieneo, yaani kani inayosukuma kila sehemu ya eneo. Tuchukue risasi ya .375, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1912 na ambayo bado inatumika sana katika pori za Afrika. Namba hiyo ni kipenyo kwa inchi, sawa na milimita 9.5. Kikomo cha kanieneo yake ni kama mara 4,300 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Eneo la kitako cha kichwa chake ni milimita za mraba 71 tu, lakini mwanafunzi akizidisha ataona kwamba kani inayokisukuma kichwa hicho ni sawa na uzito wa tani 3. Kani ya namna hiyo hiyo inausukuma mtutu upanuke, na inaisukuma bunduki irudi nyuma kuelekea uso wa mpigaji.

Sasa tulitazame gobole. Nalo hushindiliwa kwa mkono, tena kwa kila mlio: baruti hutiwa kupitia mdomo wa mtutu, hufuatiwa na kizibo cha nyuzi au kitambaa, kisha gololi ya risasi au kipande cha nondo. Mtutu wake mara nyingi ni bomba ambalo halikufuliwa kwa kazi hiyo. Kipenyo chake ni kikubwa, na watu huamini kwamba ukubwa huo ndio nguvu. Tufanye hesabu. Gololi ya madini ya risasi yenye kipenyo cha milimita 15 ina masi ya gramu 20. Kichwa cha .375 kina gramu 19.4. Kwa masi, basi, ni ndugu. Lakini gololi ina uso wa milimita za mraba 177, na kichwa kile kina 71. Ukigawa masi kwa eneo utaona kwamba kila milimita ya mraba ya kichwa kirefu ina masi mara 2.4 ya ile ya gololi nyuma yake. Kichwa kirefu huingia ndani kama msumari. Gololi hupasua ngozi na kusimama mapema, hasa kwa nguruwe dume mwenye ngozi nene juu ya mabega. Gololi ikiwa ya chuma badala ya risasi, masi hushuka hadi gramu 14 hivi, na hali huwa mbaya zaidi.

Ila kasoro kubwa ya gobole ni kutojulikana kwa kasi yake. Nishati mwendo ni nusu ya masi mara kasi mara kasi. Tuseme gololi yetu imetoka leo kwa mita 200 kwa sekunde, na kesho, kwa kiganja cha baruti kilichojaa zaidi, kwa mita 400. Nishati imetoka jouli 400 hadi jouli 1,600. Mpigaji ni yule yule na bunduki ni ile ile, lakini siku ya kwanza nguruwe amekimbia na jeraha, na siku ya pili bomba limekaribia kupasuka. Nguruwe aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na anayemfuata asubuhi ni binadamu mwenye miguu miwili.

Hatari huzidi pale mtu anapofungua risasi za kiwandani na kuitia baruti yake katika gobole. Baruti nyeusi ya kale na baruti isiyo na moshi ni vitu viwili tofauti. Ile ya pili hubeba nishati nyingi zaidi katika kila gramu, na ikifungiwa mahali pasipoistahili kanieneo yake hupanda kuliko bomba lolote la maji liwezavyo kustahimili. Nilimfahamu mzee mmoja aliyepoteza vidole vitatu kwa njia hiyo. Hakuwa mjinga, na alijua kufua chuma kuliko wengi wetu. Alichokosa ni mizani, na hata angekuwa nayo, hakuwa na kitabu cha kumwambia apime nini.

Tusidhani kwamba viwanda vikubwa havikosei. Jotoridi huongeza mwendo wa mmenyuko wa kikemia, na kuungua kwa baruti ni mmenyuko. Waingereza waliivumbua mwaka 1889 baruti iitwayo kodaiti, na walipoileta katika nchi za joto waliona kanieneo ikipanda kuliko kule kwao. Maganda mengine yaling'ang'ania mtutuni yakakataa kutoka, jambo baya mbele ya nyati. Dawa yao ilikuwa ni kuongeza nafasi. Ganda la .416 la Rigby, la mwaka 1911, lilifanywa kubwa makusudi ili kanieneo ibaki chini hata juani. Kikomo chake leo ni mara 3,250 ya hewa. Lile la .470, refu kwa milimita 82, lina kikomo cha mara 2,700 tu. Anayesafiri kutoka uwanda wa Same, ambako gari lililoachwa juani laweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi ndani yake, hadi baridi ya Shengena, atafahamu kwa nini ukubwa huo haukuwa wa majivuno.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilileta risasi ya .458, ambayo askari wanyamapori wa Afrika Mashariki wameifahamu sana. Ganda lake lilikuwa fupi, milimita 63.5, ili liingie katika bunduki za kawaida zisizo ghali. Kichwa kilikuwa cha gramu 32.4, na kasi iliyotangazwa ilikuwa mita 649 kwa sekunde, yaani jouli 6,800 hivi. Ili kupata kasi hiyo baruti ilishindiliwa ndani ya ganda hadi ikabanana. Miaka ilivyopita, baadhi ya baruti hiyo iligandamana kama sukari iliyopata unyevu, ikawa haiungui sawasawa, na wawindaji wakaanza kulalamika kwamba vichwa vyao vinaishia njiani. Kasi ikishuka hadi mita 580, nishati hubaki jouli 5,450, pungufu kwa moja ya tano. Mmarekani mmoja, Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, alirefusha ganda hilo hadi milimita 71 ili baruti ipate nafasi. Baruti zilizofuata ziliiponya .458 yenyewe pia. Jirani yangu, kwa mizani yake ya jikoni, asingelifungia ndani ya ganda tatizo hilo bila kulijua.

Je, kwa nguruwe na pongo wa Upare inatakiwa risasi ya ukubwa gani? Maoni yangu ni kwamba bunduki ya .303 ya zamani, yenye kichwa cha gramu 11.3 na jouli 3,100 hivi, inatosha kabisa kwa wote wawili. Mwindaji Bell wa Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, kwa kuwa alijua mahali pa kupiga. Simsifu kwa idadi hiyo. Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba kipenyo si kila kitu. Askari wa Same huchukua .375 au .458 kwa sababu nyingine: nyuma ya nguruwe, katika ukanda unaopakana na Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, aweza kutokea nyati au tembo. Wengine hudai pia kwamba risasi nzito hupenya vichaka bila kupotoka. Majaribio ya kupiga kupitia vijiti yameonyesha kwamba kila risasi hupotoka, nzito kwa nyepesi, na mwenye busara hungoja nafasi iliyo wazi.

Ukubwa una bei yake begani. Kichwa cha .375 hutoka kwa mita 771 kwa sekunde, kikiwa na momenta ya 15.0. Bunduki ya kilo 4.3 hurudi nyuma kwa mita 3.5 kwa sekunde, kabla hatujaihesabu gesi. Kwa .458 yenye bunduki ya kilo 4.5, mita 4.7. Mpigaji anayeogopa pigo hilo hufumba macho, na nguruwe huenda zake akiwa mzima, au akiwa nusu mzima, ambayo ni mbaya zaidi.

Nieleze wazi kwamba katika nchi yetu kutengeneza risasi si kazi ya jikoni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali. Mkulima anayeshambuliwa na wanyama hupeleka taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuonyesha jambo la gololi na msumari bila baruti hata chembe. Achukue vipande viwili vya chuma vyenye masi sawa, kimoja cha mviringo na kingine kirefu chembamba, avidondoshe kutoka mita 2 juu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa, kile kirefu kikishuka wima ndani ya bomba la plastiki. Wanafunzi wapime kina cha kila shimo, wagawe masi kwa eneo, na walinganishe uwiano wa vina na uwiano wa majibu yao. Udongo ukandwe upya kila mara, la sivyo vipimo vitadanganya.